Kuku wa Mbuga na Nyumba Isiyo na Maji: Tumsomeje Mama Hamerstrom?

Kitabu kinaitwa Strictly for the Chickens, yaani kila kitu ni kwa ajili ya kuku tu. Kiliandikwa na mama mmoja Mmarekani, Frances Hamerstrom, kikatoka mwaka 1980. Nakala moja ilifika maktaba yetu ndani ya boksi la vitabu vya msaada, katikati ya Biblia za watoto na vitabu vya kompyuta za zamani. Walioazima kabla yangu walikata tamaa mapema. Kurasa zilizokunjwa pembeni zinaishia mwanzoni mwanzoni. Siwalaumu. Nani kambini ana hamu ya kusoma habari za kuku wa Marekani, wakati kuku wake mwenyewe kaibiwa jana usiku? Lakini mimi nimekisoma hadi mwisho, nikasoma na habari nyingine za maisha ya huyu mama, na nina maneno nayo. Mengine ya kumsifu, mengine ya kumuuliza.

Kwanza huyo ndege mwenyewe. Si kuku wa nyumbani. Ni ndege wa porini, wa kahawia mwenye mistari, na kwa umbo na tabia yuko karibu zaidi na kwale. Waamerika wanamwita kuku wa mbuga, basi na sisi tumwite hivyo. Kila baada ya majira ya baridi, alfajiri kabla jua halijatoka, majogoo hukusanyika kwenye uwanja mmoja, ule ule wa mwaka jana na wa mwaka juzi, wakaanza ngoma. Wanakanyaga chini haraka haraka, wanasimamisha manyoya ya shingo kama masikio, wanavimbisha vifuko viwili vya ngozi ya rangi ya chungwa, na sauti inayotoka ni nzito, ya kuvuma, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Asubuhi isiyo na upepo inasikika kilomita nzima na zaidi. Majike wanakuja kutazama. Wanapita katikati kama watu wanaopita sokoni bila hela, na mwisho wengi wao wanamchagua jogoo yule yule mmoja au wawili, wale wengine wabaki wakijivimbisha bure. Kisha kila jike anaenda zake kutaga chini, ndani ya majani marefu. Hapo ndipo shida yote ilipo. Huyu ndege hana mti wala shimo la kutagia, ana majani tu. Majani yakilimwa au yakifyekwa mapema, kizazi cha mwaka huo kimekwisha.

Alikuwa na ndugu yake upande wa mashariki, kwenye pwani ya Atlantiki. Huyo aliwindwa mpaka akabaki kisiwa kimoja tu, Martha's Vineyard, katika jimbo la Massachusetts. Mwaka 1908 watu wakamtengea hifadhi pale kisiwani, na kweli wakaanza kuongezeka. Mwaka 1916 moto ukapita. Baadaye yakaja mengine, baridi kali, mwewe, magonjwa, na wale waliobaki walikuwa wachache mno, wa damu moja. Jogoo wa mwisho alionekana mwaka 1932, peke yake, na hajaonekana tena. Frances Flint, ambaye baadaye atakuwa Hamerstrom, alizaliwa jimbo hilo hilo la Massachusetts mwaka 1907. Hifadhi moja, kisiwa kimoja, moto mmoja. Tukumbuke hilo kisiwa, maana kazi yake yote huko mbele ni kama jibu lake.

Alizaliwa familia yenye uwezo. Aliwahi kuwa mwanamitindo, akivaa nguo za watu wengine ili zinunuliwe, akasoma Chuo cha Smith bila kumaliza. Mwaka 1931 akaolewa na Frederick Hamerstrom, kijana wa tabaka lake, na wote wawili wakaamua kwamba wanataka kuishi kwa kusoma wanyama wa porini. Wakasomea Iowa, halafu Wisconsin kwa Aldo Leopold, yule profesa ambaye kitabu chake juu ya maadili ya ardhi kilitoka mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki akipambana na moto wa majani kwa jirani. Frances alipata shahada yake ya pili mwaka 1940. Ndiye mwanamke pekee aliyepata shahada ya juu chini ya Leopold. Mumewe akapata ya udaktari mwaka uliofuata.

Sasa nyumba. Sehemu hii ndiyo inayowachekesha wasomaji wa Marekani kuliko zote, na ndiyo iliyonikwaza mimi. Mume na mke wanahamia mashamba ya katikati ya Wisconsin, wanaishi kwenye nyumba zilizochoka. Ile waliyokaa muda mrefu, karibu na mji mdogo wa Plainfield, ilijengwa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, haijawahi kupakwa rangi, na haikuwa na maji ya bomba. Maji ya kuchota, kuni za kupasua, baridi inayoingia na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mama Hamerstrom anasimulia yote haya kwa ucheshi mkubwa, na kwa kweli anajua kusimulia. Kila taabu ina kichekesho chake.

Msomaji wa bloku yetu anafika hapo anaweka kitabu chini. Anasema, huyu mama anacheka nini? Mimi nimechota maji tangu saa kumi na moja alfajiri, foleni ya madumu imezunguka choo, na hakuna aliyecheka. Njo vile tu: taabu ya kuchagua ina mlango wa kutokea. Mtoto wa watu wenye nafasi akiamua kuishi bila bomba, anajua kwamba siku akichoka, kuna nyumba ya wazazi, kuna jina, kuna chuo kikuu. Dumu lile la maji ni zito sawa, lita ishirini ni lita ishirini, ila yeye halibebi pamoja na swali la "hadi lini". Na wako wageni wanaokuja huku kwetu wenye ucheshi wa namna hiyo. Wanalala usiku mmoja kwenye hema, asubuhi wanapiga picha, wanasema wamejifunza sana. Ndiyo maana nilikuwa tayari kukifunga hicho kitabu na kumweka huyu mama kwenye fungu hilo.

Kilichonizuia ni hesabu ya miaka. Wageni wetu hukaa miezi mitatu, sita, wakibarikiwa mwaka. Akina Hamerstrom walianza kazi rasmi ya kuku wa mbuga katika Idara ya Uhifadhi ya Wisconsin mwaka 1949, wakastaafu mwaka 1972. Na hata baada ya kustaafu hawakuondoka. Frederick alifariki mwaka 1990, Frances mwaka 1998, naye alizeeka kule kule kwenye nyumba isiyopakwa rangi. Ukikaa miaka hiyo yote, kile ulichokichagua kinaacha kuwa mchezo. Hapo ndipo nilipokubali kumsikiliza.

Lakini kabla ya kumsifu kuna jambo lingine, zito zaidi ya maji, ambalo wanaomsifu hulipita haraka. Kazi ya kwanza iliyowaleta Wisconsin, kati ya mwaka 1935 na 1937, mumewe aliifanya chini ya ofisi ya serikali iliyoundwa na Rais Roosevelt mwaka 1935. Jina la ofisi hiyo, kwa Kiswahili, ni Wakala wa Makazi Mapya. Ndiyo, jamani, makazi mapya. Neno lile lile la Kiingereza linaloandikwa kwenye mafaili yetu, lile ambalo watu hapa wanalisubiri miaka kumi na tano, wanaliota, wanapimwa damu kwa ajili yake. Kule lilikuwa na maana ya kununua mashamba yaliyochoka na kuwahamishia wakulima maskini mahali pengine. Maeneo ya Necedah, ambako Frederick alisimamia wanyama, yalikuwa ardhi ya mchanga na vinamasi ambayo watu walihimizwa kuilima kizazi kimoja tu kabla. Walichimba mifereji kukausha maji, wakatozwa kodi ya mifereji hiyo, barafu ikaja hata katikati ya kiangazi ikaua mazao, moto ukashika udongo uliokauka. Wakashindwa. Serikali ikaja na makazi mapya, na walipoondoka, wanyama wakarudishiwa nafasi. Mwaka 1939 sehemu ya ardhi hiyo ikawa hifadhi ya taifa ya wanyamapori.

Kwa hiyo majani yale matupu aliyoyapenda Mama Hamerstrom hayakuwa matupu tangu uumbaji. Yaliachwa na watu. Na kabla ya wakulima hao kulikuwa na wenyewe hasa, Waho-Chunk, ambao serikali ya Marekani iliwaondoa Wisconsin mara kadhaa kati ya miaka ya 1830 na ya 1870. Waliswagwa hadi Iowa, Minnesota, South Dakota, Nebraska, na kila mara baadhi yao walirudi, wengi kwa miguu. Walirudi, wakafukuzwa, wakarudi tena, mpaka serikali ikachoka. Wale waliobaki Wisconsin hawakupewa eneo moja kubwa. Ardhi yao mpaka leo imetawanyika vipande vipande katika wilaya nyingi. Hayo ninayaandika kwa sababu baadhi ya ndugu zetu wamepelekwa huko huko Wisconsin. Ukimpigia simu mtu wako wa Milwaukee akakwambia amefika salama, ujue amefika kwenye nchi ambayo inalijua sana neno kuhamishwa.

Je, hilo linamtia hatiani mwanamke aliyehesabu kuku? Kuna watu wangesema ndiyo, wakamaliza. Mimi nasema tuangalie alifanya nini alipopata nafasi ya kuamua yeye.

Uwanja wao mkuu ulikuwa Buena Vista, kinamasi kingine kilichokaushwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wakaja, barafu ikawashinda wengi. Ila pale kulitokea jambo la ajabu kidogo. Waliobaki wakagundua kwamba majani yenyewe ni mali. Wakawa wanapanda majani kwa ajili ya kuuza mbegu. Mashine inapita juu inakusanya mbegu, majani yanabaki yamesimama, jike anataga humo, hakuna anayemsumbua. Hakuna aliyepanga kuwasaidia ndege. Biashara iliwasaidia yenyewe. Lakini biashara ya mbegu ikaanza kufa, mashamba yakaanza kugeukia mazao mengine, na akina Hamerstrom wakaona kwamba ngoma itazimika.

Hapa ndipo penye akili yao, na naomba ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika msome polepole. Mawazo ya kawaida ya uhifadhi wakati ule, na hata leo, ni kuchora mstari mkubwa kwenye ramani. Ndani ya mstari wanyama, nje ya mstari watu. Akina Hamerstrom walikuwa wametembea sana mle ndani. Walijua kila uwanja wa ngoma, walikuwa wamevisha ndege pete za rangi miguuni, walijua yupi kalala wapi na yupi kaenda wapi. Wakasema kuku hawa hawahitaji eneo moja kubwa tupu. Wanahitaji majani ya kutagia, lakini pia wanakula mashambani, wanatembea katikati ya ng'ombe na mahindi bila shida. Kwa hiyo nunueni vipande vidogo vidogo vya makumi ya ekari, mvitawanye katikati ya mashamba ya watu, kila kimoja kiwe karibu kiasi cha kufikika na mwenzake. Ripoti yao ya mwaka 1957 iliweka mpango huo kwa maandishi. Vikundi vya wananchi vikachangisha pesa, kimojawapo kikijiita kwa jina refu la Kilatini la ndege huyo, Tympanuchus cupido pinnatus, nadhani kwa utani wa watu wenye pesa. Walinunua kwa wakulima waliotaka kuuza, kipande kwa kipande, ardhi wakaikabidhi serikali ya jimbo kuitunza. Leo eneo hilo lina zaidi ya ekari 12,000 zilizotengwa kwa namna hiyo, na katikati yake kuna watu wanaoishi, wanaolima, wenye barabara na masanduku ya barua.

Mkulima hakuamka asubuhi akakuta kibao kwamba nyumba yake sasa ni ya kuku. Sisi tunaotoka Kivu tunajua ule uhifadhi mwingine. Mbuga ya Kahuzi-Biega ilitangazwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na Wambuti walioishi katika msitu ule, wale ambao wengi tunawaita Batwa, wakatolewa bila ardhi ya kwenda. Serengeti, hapa Tanzania, Wamasai walihamishwa mwaka 1959 ili nyanda zibaki za wanyama. Watoto wetu wakisikia neno hifadhi wanafikiri askari. Hawajui kwamba kuna mahali ndege aliokolewa kwa kununua shamba la jirani aliyekubali bei. Pesa zilikuwepo, ni kweli. Marekani ya miaka ya 1950 si Kivu, na muuzaji aliyeshindwa na barafu hakuwa huru sana katika bei yake. Ila mbinu ile ilianza na kumtambua mkulima kama mtu wa kuzungumza naye, na hilo halihitaji dola.

Walimtambua vipi? Kwa kuwa majirani. Nyumba ile isiyo na maji ninayoilalamikia ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Mtaalamu anayeishi mjini akija na gari safi kukwambia majani yako yasikatwe kabla ya vifaranga kutoka, utamsikiliza kwa adabu, kisha utakata. Mama unayemwona kila siku na ndoo, ambaye kibanda chake kimechoka kuliko chako, ukamkatalia, kesho utakutana naye tena. Sidhani kama walihamia kule kwa hesabu hiyo. Lakini matokeo yalikuwa hayo, na nimebadilisha kidogo nilivyousoma ule ucheshi wake. Anacheka kama jirani anavyocheka, si kama mtalii.

Na wageni! Tangu miaka ile mpaka walipostaafu, zaidi ya watu 7,000 walilala kwenye nyumba hiyo ili waende kuona ngoma ya kuku. Wanafunzi, wanasiasa, matajiri, watoto. Saa za usiku mkubwa wanaamshwa, wanapelekwa gizani hadi kwenye vibanda vidogo vilivyowekwa uwanjani kabla ndege hawajafika, na humo wanakaa kimya. Ukiwa na kikohozi, kimeze. Hutoki mpaka kuku wenyewe waondoke. Na hukuwa pale kwa kupiga picha tu, ulipewa kazi. Uandike pete za rangi gani umeziona mguuni, jogoo yupi kasimama wapi, jike kaingia saa ngapi. Yaani mgeni alilipa kulala kwake kwa data. Nimewahi kuwaza, ujumbe wa wafadhili ukija huku, badala ya kuwapanga watoto barabarani waimbe, tuwape kila mmoja daftari akae kimya karibu na bomba kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka mama wa mwisho ajaze dumu lake. Aandike tu. Hatuna haja ya risala.

Kuna sehemu nyingine ya kazi yake ambayo wengi hawaitaji wanapozungumza juu ya kuku, lakini kwangu ndiyo inayoonyesha kiwango chake cha kuona. Pale pale Buena Vista alianza kuhesabu viota vya mwewe wa kinamasi, yule anayeruka chini chini juu ya majani kama mtu aliyeangusha ufunguo. Alihesabu mwaka baada ya mwaka, zaidi ya miaka 20. Aliona kwamba panya wa majani wakiwa wengi, viota vinakuwa vingi, na dume mmoja anaweza kuwa na wake wawili au zaidi. Panya wakipungua, kila mmoja na mke wake, wengine hawaoi kabisa. Ndiyo maana kitabu chake juu yao, cha mwaka 1986, kinamwita mwewe anayetawaliwa na panya. Kisha katika miaka ya 1960 hesabu ikavurugika. Panya wapo, viota havipo. Kwa kuwa alikuwa na rekodi ya miaka ya nyuma, aliweza kujua kwamba hili si jambo la kawaida, akaitazama dawa ya wadudu ya DDT iliyokuwa inapuliziwa mashambani. Marekani iliizuia mwaka 1972, na mwewe wakarudi kutaga. Hakuwa peke yake katika vita hiyo, wala hakuwa mkubwa wake. Lakini tazama jinsi alivyojua. Mtu wa mradi wa miezi kumi na miwili angefika mwaka ule mbaya, akaandika kwamba eneo hili lina mwewe wachache, akaondoka. Ingekuwa ndiyo kweli ya kwenye karatasi.

Na miti. Hapa najua nitagombana na baadhi ya wasomaji wangu wa mashirika, maana kila msimu wa mvua tunapanda miche, tunapigwa picha na miche, na mimi mwenyewe nimepanda. Kwetu inafaa, kuni zimekwisha na kilima kimebaki kipara. Kule Buena Vista mti ni adui. Mwewe anakaa juu yake kuvizia, kivuli kinaua majani, na kuku wa mbuga anakimbia mahali penye miti. Watunzaji wa kule wanakata miti, wanachoma moto kwa mpango, wanaingiza ng'ombe walishe. Mtu akiona picha za mti unaoanguka ndani ya hifadhi anaweza kupiga kelele. Lakini uwanda wa majani si msitu ulioshindwa kuota. Ni nchi kamili, ina wenyewe.

Nimalizie lawama zangu. Ripoti ile ya 1957 ina majina matatu ya waandishi. La kwanza ni la mume. La pili ni la mwanaume mwingine wa idara. La tatu, mwishoni, ni la Frances. Labda ni utaratibu wa ofisi, labda walikubaliana wenyewe. Walikuwa mume na mke waliopendana, na yeye hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Hata hivyo, jicho la mkimbizi linaenda moja kwa moja kwenye orodha ya majina. Tunajua ni nani hapa anayezunguka nyumba kwa nyumba na daftari, kwa posho isiyofika mshahara, na tunajua jina la nani hutokea kwenye jalada la ripoti. Frances alilitatua hilo kwa njia moja: aliandika vitabu vyake mwenyewe, kwa jina lake, kwa lugha ya watu wa kawaida. An Eagle to the Sky mwaka 1970, Walk When the Moon Is Full kwa watoto mwaka 1975, huu wa kuku, wa mwewe, na wa maisha yake, My Double Life, mwaka 1994 akiwa na miaka themanini na ushee. Ripoti ilikwenda kabatini. Vitabu vimefika mpaka Kigoma.

Kama mwandishi ana kasoro moja kubwa: kila mtu kwake anakuwa mhusika wa kuchekesha. Majirani, wageni, yeye mwenyewe. Mkulima anayeshindwa na deni hawezi kuonekana vizuri ndani ya ucheshi wa namna hiyo, na nilitafuta sana uso wa wale waliohamishwa kabla yake, nikapata nyumba zao tu. Nyumba anazielezea vizuri mno. Dirisha, jiko, sakafu. Waliotoka humo, ningependa angewauliza walikwenda wapi. Alikuwa na kipaji cha kumfuata kuku mmoja mwenye pete ya rangi kutoka uwanja huu hadi ule, msimu baada ya msimu.

Mpango wa vipande vilivyotawanyika nao haukutosha peke yake. Ndani ya eneo lile kuku walifikiana, lakini eneo lote likabaki kama kisiwa, mbali na kuku wengine wa majimbo jirani. Watafiti wa baadaye walipopima damu wakakuta ndugu wanaoana na ndugu, jambo lile lile lililowamaliza wa Martha's Vineyard likinyemelea polepole. Kati ya mwaka 2006 na 2009 watunzaji walikwenda jimbo la Minnesota, wakakamata majike zaidi ya 100, wakawasafirisha hadi Wisconsin wakawaachia kwenye majani ya Buena Vista. Walivishwa vifaa vidogo vya redio ili ijulikane nani kataga na nani hakutaga. Frances hakuwepo kuliona hilo, alikuwa ameshafariki. Ningependa kusoma angeliandikaje, kwa ule ucheshi wake: majike mia moja, wageni, kwenye nchi ambayo hawakuiomba, na majogoo wenyeji alfajiri wakijivimbisha mbele yao.